Samaki Wetu, Kioo Chao

Kuna swali moja limenichosha: "Wewe unakaa Ukunda, bahari hiyo hapo, tangi la samaki la nini?" Ameniuliza mtu wa boda, ameniuliza mama mwenye nyumba, wameniuliza rafiki zangu wa Nairobi ambao wenyewe kila wakiona tangi la matumbawe kwenye simu wanalitolea macho. Linaulizwa kama busara, lakini busara haimo. Ndilo lile lile linalotufanya tukae kando ya mwamba vizazi na vizazi tukijua samaki wanapatikana wapi, wakati mtu wa Birmingham au Ohio, ambaye hajawahi kukanyaga mchanga wa Galu, ndiye anayeandika vitabu kuhusu wanavyokula, wanavyougua na wanavyozaana.

Nataka tusizungushane, kwa hivyo nasema mapema. Mimi nasema tangi la maji ya bahari ni darasa, na watu wa Kwale ndio wenye haki ya kwanza kukaa kwenye darasa hilo. Nasema pia kwamba mwenye pesa asiye na subira asiliguse kabisa, awe na jumba la kifahari Diani au fleti Kilimani. Mambo haya mawili hayapingani, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na biashara, manake wengi hawajui hata kama ipo. Tangu miaka ya 1970 Kenya inauza nje samaki hai wa mapambo kutoka kwenye miamba yake. Wazamiaji wanaingia na nyavu ndogo za mkono, wanamkamata samaki mmoja mmoja, wanamtia kwenye mfuko wa plastiki. Kisha anakaa kwenye matangi ya msafirishaji, ananyimwa chakula siku moja au mbili ili asichafue maji njiani, mfuko unajazwa oksijeni, na kesho yake yuko kwenye ndege. Kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, anauzwa Marekani kwa makumi ya dola, wakati mwingine kupita mia. Mtoto wa ami yangu, anayezamia upande wa Msambweni, analipwa kwa kichwa cha samaki pesa ambazo hazinunui chakula cha mchana cha watu wawili. Masikio yake yanamuuma kila usiku wa baridi. Hajawahi kuona tangi likiwa limewashwa taa. Samaki amewakamata kwa mamia, lakini hajui wanapelekwa kuishi ndani ya nini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Samaki kuondoka ni jambo moja. Kubwa zaidi ni kwamba anaondoka peke yake, na ujuzi wa kumweka hai haurudi kwa meli wala kwa ndege. Tumeuza mali ghafi hamsini mwaka hadi mwaka na hatujafungua hata karakana ndogo ya kuifanyia kazi. Ni kahawa ile ile, ni majani-chai yale yale, ila safari hii bidhaa ina mapezi.

Na tusidanganywe kwamba ujuzi huu ni wa wazungu kwa asili. Mwaka 1961 mtu wa Jakarta, Lee Chin Eng, alichapisha kwenye jarida la Marekani la *Tropical Fish Hobbyist* maelezo ya namna alivyofuga matumbawe na samaki nyumbani. Alikuwa na maji ya bahari, mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe vyake, mwanga wa jua na bomba dogo la kupuliza hewa. Basi. Wakati ule huko kwingine watu walikuwa wakihangaika na vichujio na dawa, na matumbawe yao yanakufa tu. Wajerumani wakaja baadaye wakaboresha, wakaongeza mashine ya kutoa uchafu kwa povu na taa kali, na njia yao ikaitwa ya Berlin. Sawa, wamefanya kazi nzuri. Lakini msingi uliwekwa na mtu wa nchi ya joto aliyekuwa na bahari karibu na jua bure. Yaani mtu kama sisi. Ukiambiwa Diani si mahali pa tangi, mkumbuke huyo.

Sasa tuingie kazini, manake polemiki isiyogusa maji ni kelele. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kuonyesha, lakini tangi ninalo na linapumua. Hivi ndivyo linavyojengwa kutoka sifuri, na kila hatua ina ugomvi wake.

Kioo kwanza. Fundi wa vioo wa hapa Ukunda anakata vipande vitano na kuvigandisha kwa silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 45 linabeba lita kama 200. Litunzwe wiki nzima likauke, kisha ujaze maji ya bomba uliache siku mbili uone kama linavuja. Maji ya bahari ya lita 200 yana uzito wa kilo 205, kabla hujaweka mchanga wala mawe. Kwa hivyo meza ya mbao ya mnada ni kujitafutia msiba. Jenga kibao cha matofali.

Maji. Huyu wa Ohio anachanganya chumvi ya dukani na maji yaliyosafishwa, na kila gunia ni pesa. Sisi tunachota. Ila kuchota nako kuna elimu: unachota maji yakiwa yamejaa, mbali na mabomba ya hoteli, na kamwe si baada ya mvua kubwa. Masika yakikolea, Mkurumudzi unamwaga udongo mwekundu Gazi, Ramisi unafanya hivyo hivyo upande wa Funzi, na Mwachema unaigeuza rangi bahari pale Kongo. Chumvi ya bahari wazi ni kama gramu 35 kwa kilo. Karibu na mto inashuka. Mitungi kumi ya lita 20 inalijaza tangi, na mtungi mmoja kila wiki unatosha kubadilisha asilimia kumi ya maji. Maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki, inabaki. Unaongeza maji matamu yaliyosafishwa, wala si ya kisima cha Ukunda, ambacho mnajua wenyewe ladha yake.

Hapo tayari umejifunza jambo ambalo mkutano mzima wa uchumi wa buluu, ule wa Nairobi wa Novemba 2018, haukuwahi kumfundisha kijana mmoja wa kijijini kwetu: kwamba mto, choo cha hoteli na mwamba ni kitu kimoja. Anayebeba maji kwa mkono wake hahitaji kushawishiwa.

Mawe. Hapa nitakuwa mkali. Usivunje mwamba. Usiokote tumbawe hai, hata tawi, hata lililoangushwa na nanga. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali, na eneo la Kisite tangu miaka ya 1970 ni hifadhi ambamo kuvua hakuruhusiwi. Lakini sheria kando, huna haja ya kuvunja kitu. Sisi tunaishi juu ya mwamba wa kale. Yale mawe meupe yenye matundu yanayochimbwa nchi kavu ili tujengee nyumba ni matumbawe yaliyokufa zamani sana, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Chukua mabaki ya machimbo, yapige brashi, yaloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji, uyapange tanginini yakiwa na mapango na njia za maji kupita. Watu wa ng'ambo wanalipa kwa kilo kupata jiwe la namna hiyo. Sisi tunalimwaga barabarani kujazia mashimo.

Kisha subira, na hapa ndipo matangi mengi yanapofia. Samaki anatoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo inavumilika. Bakteria hao hawauzwi Carrefour. Wanazaliwa taratibu kwenye matundu ya mawe na mchanga, na wanahitaji wiki nne hadi sita. Unaweka kipande cha kamba mbichi kioze, unapima, unasubiri. Amonia inapanda, inashuka. Nitriti inapanda, inashuka. Mpaka zote mbili zisome sifuri, tangi lako ni maji, mawe na harufu, na wageni wakija wanakucheka.

Msee wa Nairobi hasubiri. Amenunua tangi Jumamosi, Jumapili anataka samaki wa kupiga picha. Samaki anakufa Jumatano, Ijumaa ananunua mwingine. Anadhani amepoteza elfu chache tu. Sikiza, rafiki yangu: kila samaki anayekufa kwa pupa yako anaagizwa tena, na oda hiyo inashuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mtu aliye chini ya maji Msambweni na maumivu ya masikio. Subira ya wiki sita ni deni kwa mwamba na kwa mzamiaji, na usiyelilipa wewe, kuna mwingine analilipa.

Baada ya hapo ndipo joto. Huko Ulaya wananunua hita. Hapa adui ni mabati. Tangi linataka nyuzi 24 hadi 27. Chumba changu mwezi wa Machi kinalipeleka 31 bila kuomba ruhusa. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili tatu kwa kuyafanya yavukize, ndiyo maana ule mtungi wa maji matamu hauishi kazi. Na ukishaona kwa macho yako samaki anavyohema nyuzi zikipanda mbili, unaelewa kilichotokea mwaka 1998, bahari ilipochemka na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ikageuka nyeupe na kufa. Unaelewa kwa nini Aprili 2024 wanasayansi walitangaza wimbi la nne la dunia nzima la kupauka kwa matumbawe. Tumbawe halihitaji kuchemshwa. Nyuzi moja zaidi ya kiangazi chake cha kawaida, ikikaa wiki kadhaa, inatosha kulifukuzisha ule mwani mdogo unaolilisha.

Umeme nao. Agosti 2023 nchi nzima ilipolala gizani, pampu zote zilisimama, na maji yasiyotembea yanaishiwa hewa kabla ya asubuhi. Pampu ndogo ya betri ni bei ya viatu vya plastiki. Mwamba wenyewe hauna betri. Una bamvua na maji mafu, una kusi na kaskazi, unasukumwa maji mchana na usiku, na hakuna anayeununulia tokeni. Ukishalipa bili ya mwezi mmoja ya kuiga lita 200 tu za kazi hiyo, hutasema tena kwamba bahari "ipo tu".

Najua upande wa pili watakavyonijibu. Kuna marafiki wa mazingira watakaosema tangi ni jela, na biashara yote ipigwe marufuku kesho. Nusu ya hoja yao naibeba. Kuna samaki ambao hawafai kabisa kukamatwa. Kitatange wa aina zinazokula matumbawe tu atakufa njaa kwenye kioo chako ukimwangalia. Yule mdogo mwenye mstari mweusi anayewasafisha wenzake ngozi na matumbo ya midomo, naye hukamatwa Kenya kwa biashara hii. Huko kisiwa cha Lizard, Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji hao kwenye vipande vya mwamba kwa zaidi ya miaka 8, wakakuta vipande hivyo vimebaki na samaki wachache na aina chache kuliko vilivyoachiwa wao. Kumtoa huyo ni kufunga zahanati ya kijiji. Awekewe marufuku, nitashangilia.

Lakini marufuku ya kila kitu, kesho asubuhi, inamwacha wapi mzamiaji? Hao wanaoitaka wana mishahara. Mtoto wa ami yangu ataacha wavu wa mkono, na kitu cha karibu kitakachomngoja ni juya linalokokota chini na kuzoa hata vifaranga. Samaki wa mapambo anakamatwa mmoja mmoja, mwamba unabaki umesimama. Ukilinganisha madhara, linganisha na kitakachofuata, usilinganishe na pepo.

Wengine watasema: kaunti ina njaa, wewe unazungumzia tangi? Hawa ndio nawaheshimu zaidi, kwa hivyo nawajibu kwa mfano wa nyumbani. Gazi na Makongeni walikuwa na mikoko. Njia rahisi ilikuwa kuikata na kuuza boriti. Tangu 2013, kupitia Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko iliyosimama, na pesa zimekwenda kwenye maji na shule. Kibuyuni akina mama wanalima mwani. Hakuna aliyewauliza kama mwani ni anasa. Kote huko watu waliacha kuuza kitu na kuanza kuuza wanachojua kuhusu kitu hicho, na hilo ndilo ninalolitaka kwa samaki.

Na linawezekana. Yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, anayelala ndani ya anemoni, amezalishwa kibiashara Florida tangu miaka ya 1970. Maisha yake ni kama hadithi ya vibarazani: wote huzaliwa madume, mkubwa wa kundi anageuka jike, na jike akifa dume anayemfuata anachukua nafasi. Wanataga juu ya jiwe tambarare, baba anapepea mayai kwa mapezi yake, na baada ya wiki moja hivi yanaanguliwa usiku. Vifaranga wanalishwa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na chini ya wiki mbili hivi wanavaa mistari. Haya yote yanahitaji maji safi ya bahari, joto na subira ya mtu. Cha kwanza na cha pili tunavyo bure. KMFRI ina vituo Gazi na Shimoni, ndani ya kaunti hii hii. Kwa nini jamaa zake bado wanachomolewa mwambani kwetu wakati wangeweza kuzalishwa kwenye banda la BMU na kuuzwa na wale wale waliokuwa wakiwazamia?

Kwa hivyo madai yangu ni haya, na yeyote anayeomba kura Kwale ayasome.

Kila BMU ambako wazamiaji wa samaki wa mapambo wanafanya kazi ipewe tangi moja la mafunzo na mtu wa kulifundisha. Kama kuna matumbawe hai yatakayowekwa, kibali kiwe cha jamii au cha shule, kisiwe cha mtu na sebule yake. Leseni ya msafirishaji ifungamanishwe na karatasi inayoonyesha mzamiaji amelipwa shilingi ngapi kwa kila aina ya samaki, ibandikwe ukutani ufukweni, watu waisome. Msafishaji na kitatange mla matumbawe watolewe kwenye orodha ya wanaokamatwa. Na uzalishaji uanze na samaki mmoja tu, huyo wa machungwa, ufanywe vizuri, kabla hatujaanza kuchapisha vipeperushi vya uchumi wa buluu.

Wewe msomaji wa mjini, kama bado unalitaka tangi, lijenge. Lijenge kwa jiwe la machimbo, kwa wiki sita za maji matupu, kwa samaki wawili badala ya kumi. Muulize anayekuuzia: huyu alikamatwa wapi, na aliyemkamata alilipwa ngapi? Akikosa jibu, usinunue, na umwambie ni kwa nini. Watu kumi wakiuliza hivyo mwezi mmoja, wa kumi na moja atalikuta jibu limeandaliwa.

Mimi tangi langu lina mwezi wa tisa. Lina mawe, mchanga, konokono watano na samaki wawili kutoka kwa mtu mwenye leseni ambaye hilo swali nilimuuliza, na alichukua siku mbili kunijibu. Mwezi ujao mtoto wa ami yangu anaanza kuja kila Jumapili kujifunza kupima amonia. Amesema atafundisha wenzake wa Msambweni iwapo atapatikana mtu wa kuwapa kioo. Fundi ninaye, mawe yako, bahari iko. Kilichobaki ni ofisi moja ikubali kwamba hawa ni mafundi, iwaandikie hivyo kwenye bajeti.